Kiti cha nyuma nacho kina mkanda

Simama dakika kumi tu hapa Dodoma, kwenye barabara ya Morogoro, upande wa Ihumwa, siku ambayo askari wa usalama barabarani wako kazini, utazame magari madogo yanavyowakaribia. Mita mia moja kabla, mkono wa dereva unapanda begani, mkanda unavutwa kifuani na kushikiliwa pajani bila kuchomekwa. Aliyeketi pembeni yake anafanya vivyo hivyo. Wakishapita, mkanda unaachiwa na kurudi ulikotoka. Walio nyuma hawajishughulishi hata kidogo, maana hakuna anayewauliza.

Tatizo letu liko hapo, kuanzia Gairo hadi mteremko wa Sekenke. Mkanda tumeufanya kuwa jambo la trafiki, tena la viti viwili vya mbele tu. Kifungu cha mikanda katika Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 kwa miaka mingi kimemtaja dereva na abiria wa mbele, faini ya papo kwa papo ni shilingi 30,000, na hesabu ya watu wengi inaishia kwenye hiyo 30,000. Kumbe sehemu kubwa ya safari zetu za Kanda ya Kati tunazifanya tukiwa nyuma: nyuma ya Noah ya Kondoa, ndani ya Hiace ya Mtumba kwenye mji wa Serikali, kwenye basi la Singida, nyuma ya V8 la ofisi. Kwa hiyo hapa nitakazia huko nyuma, ingawa mengi yatamhusu na anayeshika usukani.

Gari linapogonga, migongano ni mitatu. Wa kwanza ni gari na kitu kilicho mbele yake. Wa pili ni mwili wako na gari: dashibodi, usukani, kioo, au mgongo wa kiti cha mbele. Wa tatu ni wa ndani kabisa, ubongo unapogonga fuvu, ini na bandama vinapovutwa kwenye mishipa yake. Yote mitatu huisha ndani ya takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mkanda hauwezi kuzuia ule wa kwanza. Kazi yake ni kuufanya wa pili na wa tatu uwe mpole, kwa kukusimamisha polepole pamoja na gari, wakati bati la mbele linajikunja.

Kwa hesabu, mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ule unaoruhusiwa mjini, ukikatishwa ghafla ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa karibu mita 10, yaani paa la nyumba ya ghorofa tatu. Kilomita 80 kwa saa ni karibu mita 25, na mibuyu mingi ya njia ya Mtera haifiki urefu huo. Mtu wa kilo 70 anayekwenda kilomita 50 kwa saa, mkanda ukimsimamisha ndani ya nusu mita, mwili wake hubeba mzigo wa takriban tani 1.4, umetandazwa kwenye mifupa ya nyonga, kifua na bega. Mzigo huo ni mkubwa, lakini mifupa hiyo inaweza kuubeba. Asiyefunga huendelea mbele kwa mwendo uleule hadi akutane na kitu kigumu kinachomsimamisha ndani ya sentimita tano hivi, na hapo mzigo huzidi mara kumi. Tena haupokelewi na nyonga, unapokelewa na uso, shingo au goti.

Ndiyo maana ile hoja ya "naenda sokoni Majengo tu" haina msingi. Kilomita 50 kwa saa ni ileile, uwe unatoka Area D au unatoka Dar es Salaam. Na hakuna mikono inayoweza kujizuia. Dereva anayesema ataushika usukani vizuri anasema atazuia zaidi ya tani moja kwa viwiko.

Sasa kiti cha nyuma. Watu huamini kwamba kiti cha mbele ni godoro la kuwapokea. Ndani ya godoro hilo kuna fremu ya chuma, na nyuma yake kuna mtu. Abiria wa kilo 70 asiyefunga mkanda anapourukia mgongo wa kiti cha mbele, kiti hulala au kung'oka, na yule wa mbele aliyefunga mkanda wake vizuri anabanwa kati ya kiti na usukani. Watafiti wa Japani, nchi ambako magari yetu mengi yametoka, walichapisha mwaka 2002 uchambuzi wa ajali za kwao: hatari ya kufa kwa waliofunga mikanda mbele iliongezeka karibu mara tano pale wa nyuma yao wasipofunga. Kwa hiyo dereva mwenye akili hawaulizi abiria wake mikanda kwa sababu ya upole. Anaulizia mgongo wake mwenyewe.

Kwa Dodoma hili lina uzito wa pekee, kwa sababu ndio mji wa watu wanaoendeshwa. Bosi hukaa nyuma kushoto, simu sikioni, mafaili pajani, safari ya Mtumba au ya Dar, mwendo mkubwa. Dereva wake amefunga, yeye hajafunga, na dereva anaona aibu kumkumbusha mkubwa. Aibu hiyo ina dawa ndogo, nayo ni kulisema kabla ya gari kuwaka, kama sehemu ya maandalizi kama vile kukagua milango: "Mheshimiwa, mkanda uko kushoto kwako, tukishafunga tunaondoka." Kwa wazee: "Shikamoo mzee, nikusaidie mkanda?" Likisemwa gari likiwa limesimama ni huduma. Likisemwa gari likiwa kwenye mwendo linasikika kama lawama. Afisa usafirishaji wa ofisi anaweza kumwondolea dereva mzigo huo kabisa kwa kuandika kwenye taratibu za ofisi kwamba gari haliondoki mpaka kila kiti kifunge.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba mkanda hupunguza hatari ya kifo kwa wa mbele kwa asilimia 45 hadi 50, na hatari ya kifo na majeraha makubwa kwa wa nyuma kwa asilimia 25. Mtu anaweza kuiona hiyo 25 ni ndogo. Lakini fikiria aina ya ajali za njia zetu. Kutoka Bahi kwenda Manyoni barabara imenyooka, jua linachoma lami, tairi lililochoka au lenye upepo mdogo linapasuka, au ng'ombe wanavuka bila mchungaji mbele yao. Dereva anakata kona kwa ghafla, gari linaacha lami na kubingirika. Gari linalobingirika halisimami ghafla. Hupunguza mwendo taratibu huku likizunguka, na aliyefungwa kwenye kiti chake ana nafasi nzuri ya kutoka akiwa hai. Anayekufa mara nyingi ni yule aliyetupwa nje kupitia dirishani na kuangukiwa na gari lilelile alilokuwemo. Wale wanaosema "mimi bora nirushwe nje kuliko kubanwa ndani" wamekosea hapo. Na hofu ya moto au ya kuzama ina jibu hilohilo: ili ukimbie moto, kwanza uwe na fahamu na miguu mizima, na mkanda ndio unaokuachia vyote viwili.

Mkanda wa pointi tatu tunaoutumia ulibuniwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, mtu aliyewahi kushughulika na viti vya dharura vya ndege, na kampuni ikaruhusu watengenezaji wengine wautumie. Alichokiona ni kwamba utepe mmoja lazima upite juu ya mifupa migumu tu: mtulinga (mfupa wa juu ya kifua unaoelekea begani), kidari (mfupa wa katikati ya kifua), nyonga. Ukiuhamisha kidogo kutoka kwenye mifupa hiyo, unaanza kukata nyama laini. Kwa hiyo namna ya kuufunga ni nusu ya kazi.

Kaa makalio yakiwa yamegusa kabisa nyuma ya kiti. Vuta mkanda taratibu, chomeka ulimi kwenye kifungio mpaka usikie mlio, kisha shusha sehemu ya chini ikae chini ya tumbo, iguse mapaja, juu ya mifupa ya nyonga. Halafu shika sehemu ya kifuani na uivute kuelekea juu, ili ulegevu wa kiunoni uishe. Hatua hii ya mwisho karibu kila mtu huiruka, na ndiyo inayoamua kama utumbo utapona. Sehemu ya juu ipite katikati ya mtulinga, isiguse shingo wala isiporomoke kwenye mkono. Kama inakukata shingo, usiipitishe kwapani, maana mbavu za pale huvunjika na kuchoma mapafu na ini. Kwenye nguzo ya mlango magari mengi yana kitufe cha kushusha au kupandisha ule mshikio wa juu, ushushe. Mkanda usiwe umejisokota, kwa kuwa utepe wa karibu sentimita 5 ukijisokota unageuka kamba.

Asubuhi za Juni na Julai, upepo wa Dodoma unapouma, watu hufunga mkanda juu ya jaketi nene au shuka la kimasai. Ule unene ni hewa, na wakati wa kishindo hewa inabonyea, mwili unatangulia sentimita kadhaa kabla mkanda haujaanza kazi. Fungua zipu, pitisha mkanda ndani ya jaketi, kisha jifunike shuka juu. Kosa jingine la safari ndefu ni kulaza kiti na kusinzia. Ukilala, mkanda wa kifua unabaki hewani mbele yako na ule wa kiunoni unapanda tumboni, na gari likisimama ghafla unateleza chini yake. Kiti kinyooke. Miguu isipandishwe kwenye dashibodi, kwa sababu mfuko wa hewa hufumuka kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa na utayarudisha magoti usoni. Dereva naye aache angalau sentimita 25 kati ya kidari chake na katikati ya usukani. Mfuko wa hewa umepangwa kumpokea mtu aliyefunga mkanda. Anayekuja bila mkanda hukutana nao ukiwa bado unafumuka, na hapo huumiza badala ya kuokoa.

Mama mjamzito anafunga, tena miezi yote tisa. Sehemu ya chini ipite chini kabisa ya tumbo, haipiti juu yake hata mara moja, na ya juu ipite kati ya matiti kisha pembeni ya tumbo.

Mtoto ndiye anayenikosesha raha katika jambo hili zima. Mtoto wa kilo 10 gari likigonga kwa kilomita 50 kwa saa anahitaji kuzuiwa kwa nguvu ya karibu kilo 200. Hayo ni magunia mawili ya mahindi ya Kibaigwa, ya kudakwa ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde. Mapenzi ya mama ni makubwa, lakini mikono yake haiwezi. Kumfunga ndani ya mkanda wako mmoja ni vibaya zaidi, kwa sababu mwili wako mzima unamkandamiza kwenye mkanda. Kumwacha mgongoni kwenye mbeleko huku umeegemea kiti nako ni kumfanya yeye kuwa mto.

Mwenye gari anunue kiti cha mtoto. Kile cha mtoto mchanga hutazama nyuma ya gari, na hakiwekwi kamwe mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi. Kabla hujanunua cha mtumba angalia kwamba hakijapata ajali, plastiki haina ufa, na mikanda yake yote ipo. Kwenye maungio ya kiti cha nyuma cha magari mengi ya miaka ya karibuni kuna vyuma viwili vya kushikia kiti cha mtoto. Pitisha vidole kati ya mgongo na kalio la kiti utavigusa. Mtoto mkubwa zaidi hukalia kiti cha kuinua, mpaka akifika urefu wa sentimita 135 hadi 150, na kipimo ni hiki: mgongo umegusa kiti, magoti yamekunjika ukingoni, mkanda wa chini uko mapajani, wa juu uko begani. Kama hajafika, mkanda wa mtu mzima unampita tumboni na shingoni. Kwenye basi, mtoto anayeweza kukaa peke yake ni heri umkatie kiti na umfunge nyongani kuliko kumpakata. Kwa mtoto mchanga ambaye huna namna nyingine, mfungue mbeleko, jifunge mkanda wewe kwanza, kisha yeye awe nje ya mkanda, mbele yako. Haimwokoi sana, ila haimwongezei uzito wako.

Sasa, watu wengi watasema gari lao nyuma halina mkanda. Mara nyingi upo. Umezikwa na fundi wa kava. Kava zikishonwa na kukazwa, vifungio vinabaki chini ya kalio la kiti. Inua kiti cha nyuma, chomoa vifungio, na umwambie fundi akate tundu na kulishona ukingo. Kwenye Noah na Hiace viti vya kukunja vya katikati ndivyo vyenye mapengo. Kama kiti hakina mkanda kabisa, abiria wa kiti hicho ndiye wa kwanza kuruka, na wenye gari wanapaswa kulijua hilo wanapopanga watu.

Mkanda nao unazeeka, na hali yetu ya vumbi na jua inauzeesha mapema. Ukague hivi. Uvute wote hadi mwisho, utazame kingo zake: nyuzi zilizotoka, mkato, alama ya kuungua kwa sigara, rangi iliyopauka na utepe uliokakamaa kwa jua. Ukiona mojawapo, badilisha. Kisha uachie. Lazima urudi wenyewe wote. Halafu uvute kwa kishindo, ujifunge papo hapo. Chomeka na uchomoe mara tano, kifungio kikubali kila mara kwa kidole gumba kimoja. Ukiona mkanda umegoma kuvutika gari likiwa limeegeshwa kwenye mwinamo, haujaharibika. Ndani ya kile kikunjio kilichofichwa kwenye nguzo kuna kigololi au pendulamu inayofunga gari likiinama au likipunguza mwendo ghafla. Peleka gari mahali tambarare, uachie mkanda urudi kidogo, uvute tena taratibu.

Mkanda unaorudi kwa uvivu kwa kawaida ni mchafu tu. Uvute wote, ubane na klipu ya nguo usirudi, sugua kwa brashi laini na maji ya vuguvugu yenye sabuni ya kawaida, suuza kwa kitambaa chenye maji, uache ukauke kivulini kabisa kabla ya kuuachia. Usitumie Jik, petroli wala dizeli, kwani hudhoofisha nyuzi za polyester. Usiweke oili ndani ya kikunjio, kwa sababu vumbi la Dodoma likikutana na oili linakuwa saruji.

Kwa mafundi kuna mambo matatu ambayo nayaona yakiharibiwa kila mara. La kwanza ni bolti. Bolti ya mkanda ni maalumu, ya chuma kigumu, mara nyingi kipimo cha inchi 7/16 yenye uzi mwembamba. Bolti ya kawaida ya dukani haifanani nayo kwa nguvu, na ukilazimisha uzi usiolingana unaua tundu lenyewe. Kutoboa bati jembamba la sakafu na kufunga bila bamba la chuma chini yake ni bure kabisa, litachanika kama karatasi. La pili ni kuhamisha kikunjio cha gari jingine. Kile kigololi kimepangwa kwa pembe ya nguzo ya gari lake. Ukikifunga kwa mwinamo tofauti, ama kinajifunga muda wote ama hakifungi siku ya ajali. Ulimi na kifungio vya magari tofauti navyo vinaweza kuingiana na kutoa mlio bila kushikana sawasawa. Nunua seti kamili ya gari la aina ileile na kiti kilekile. La tatu ni taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi. Ukifungua swichi lazima iwake sekunde chache kisha izime. Ikibaki inawaka kuna hitilafu. Isipowaka kabisa, shaka yangu ni kubwa zaidi: huenda taa imetolewa au rizista imefungwa kudanganya mfumo baada ya gari kugongwa. Mnunuzi wa gari lililotumika aanze hapo kabla ya kusikiliza injini. Vile vilimi vya plastiki vinavyouzwa vya kuchomeka ili gari linyamaze, tupa.

Basi lina mkanda wa kiunoni tu, na wengi huudharau. LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, hufuatilia mwendo wa mabasi kwa mfumo wake wa kielektroniki wa VTS, na mabasi yanatakiwa yasizidi kilomita 80 kwa saa, lakini mfumo huo hauoni kama umefunga. Ukipanda stendi ya Nanenane, kabla basi halijaanza, tafuta vipande vyote viwili. Kimoja huwa kimeangukia kati ya viti au kimesukumwa chini na kondakta anapofagia. Ili kuurefusha, simamisha ule ulimi uwe pembe mraba na utepe kisha vuta. Kuufupisha, vuta mkia wake. Ukae nyongani, ukazike. Tikisa kiti chako pia, kwani mkanda umefungwa kwenye kiti, na kiti kinachocheza kwenye bolti zake kitaondoka na wewe. Kama kipande hakipo, mwambie kondakta mkiwa bado stendi: "Kaka, kiti hiki hakina mkanda, nihamishe." Ukingoja hadi Manyoni hakuna atakayekusikiliza.

Baada ya ajali, gari likiwa limepinduka na mtu ananing'inia kwenye mkanda, asibonyeze kitufe kwanza. Atie mkono mmoja kwenye paa, akaze miguu, ndipo abonyeze, la sivyo ataangukia shingo. Michubuko ya mstari wa mkanda tumboni au kifuani ni ishara ya kwenda hospitali siku hiyohiyo hata kama mtu anatembea na kuongea, kwa sababu utumbo au bandama iliyopasuka inaweza kunyamaza kwa saa kadhaa. Mwambie daktari kwamba ulifunga mkanda, na umwonyeshe mstari ulipo. Gari nalo likitengenezwa, kila mkanda uliokuwa na mtu siku ile unabadilishwa wote, kikunjio na kifungio, kwa kuwa nyuzi zake zimetengenezwa zivutike mara moja, na zimeshavutika.